Neno la Safu ya Mwisho

Sista aliyenifundisha Kihispania hakupenda kuona neno limekaa bila kazi. Kila alasiri, nikishatoka darasani, nilimkuta kwenye baraza ya zahanati ya misheni, hatua chache kutoka reli ya Malaba, kamusi imefunguliwa mapajani mwake, jalada lake limeliwa na mchwa upande mmoja. Tulikuwa tumekubaliana: mimi nimpe Kiswahili, yeye anipe lugha yake. Alikuwa muuguzi wa karibu miaka sitini, mzaliwa wa nyanda kavu za katikati ya Hispania. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, na Kiswahili chake kilitosha kuombea maji tu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mhitimu mpya wa chuo kikuu cha ng'ambo ya mpaka, nimesoma Kilatini na Kifaransa, na nilikuwa nimerudi kufundisha shule ya misheni nikiamini kwamba hakuna lugha itakayonishinda. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru.

Sikuwa mtu wa kutulia. Treni ya mizigo ilipopiga honi kabla ya kuvuka mpaka kwenda Tororo nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, kana kwamba nilikuwa na tiketi mfukoni. Sista alinitazama juu ya miwani yake, akangoja kelele zipite, kisha akarudia neno lile lile kutoka pale tulipoachia.

Wiki ile tulikuwa kwenye uongo. Alikuwa akiandaa kijitabu cha maswali ambayo Mkristo hujiuliza kabla ya kuungama, nacho kilipaswa kuwa katika Kiswahili. Alipofika kwenye amri inayokataza kushuhudia uongo, akakwama, kwa sababu alidhani Kiswahili kina neno moja tu mahali ambapo lugha yake ilikuwa na ghala zima. Nilikerwa. Nikammwagia uzushi, hila, hadaa, ghiliba, ulaghai na porojo, kama mtu anayemwaga mahindi yake mbele ya mnunuzi mwenye dharau. Akacheka, akaanza kunipangia ya kwake. *Mentira* lilikuwa neno la kila siku, uongo usio na nguo. *Mentirilla* ni kauongo kadogo, ka mgeni anayesema ameshiba huku akitazama chungu. *Embuste* ni uongo uliofumwa kwa ustadi, wenye mlango wa mbele na wa nyuma. *Falsedad* hukaa zaidi kwenye karatasi na mihuri. *Engaño* haliwezi kusimama peke yake. Lazima awepo mtu aliyedanganywa.

"Usichague neno kwa kupima ukubwa wa dhambi," aliniambia. "Uliza kwanza nani alidanganywa, na kwa ajili gani. Ukishajua hayo, neno litakuja lenyewe."

Niliyaandika hayo daftarini. Nilipenda kuandika mambo ya aina hiyo. Kuyatenda ni habari nyingine.

Jumatatu iliyofuata aliletwa mtoto wa kike wa miezi miwili, anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa. Aliyemleta alikuwa mwanamke aliyeuza samaki wakavu wa Port Victoria pale stesheni. Sista alimfahamu vizuri. Mwanamke yule alikuwa amezika watoto watatu, na wa tatu, aliyekufa akiwa bado ananyonya, ni sista mwenyewe aliyemwosha kabla ya kumfunga sanda. Baada ya msiba huo alirudi kwao, upande wa Funyula, na kwa miezi mingi hakuonekana Malaba. Sasa alikuwa amerudi na kichanga hiki. Niliitwa kutoka darasani kuja kutafsiri, maana mama yule alizungumza Kisamia na sista Kihispania, na katikati yao nilikuwapo mimi peke yangu.

"Mtoto ni wa nani?" sista aliuliza, kalamu tayari juu ya kitabu cha wagonjwa.

"Si wangu," mama alijibu. "Aliokotwa njiani."

"Aliokotwa na nani?"

"Na jirani. Mimi namnyonyesha tu."

"Maziwa umeyatoa wapi?"

"Wangu walikufa. Sista anajua."

Sista aliinamisha kichwa. Alikuwa amewahi kuona maziwa yakirudi kwa wanawake waliopewa yatima kuwalea, kwa hiyo jibu hilo halikumsumbua. Nilitafsiri kila sentensi kwa uangalifu. *La encontraron en el camino*, nilisema, walimkuta njiani, na nakumbuka nilivyojipongeza moyoni kwa jinsi kitenzi kilivyokaa sawa. Sista akaandika katika safu ya mwisho, ile ya maelezo: *expósita*. Mtoto aliyetupwa.

Kila sentensi niliyoitoa ilikuwa sahihi, na jumla yake haikuwa kweli. Nilijua hivyo nikiwa bado nimesimama pale.

Kwetu, mama ambaye watoto wake hawakai hampokei mtoto anayefuata kwa mikono miwili. Alfajiri, mara tu baada ya kuzaliwa, kichanga huwekwa njiani au kando ya jalala. Mwanamke mwingine, aliyekwisha kuambiwa, hupita hapo kama mpita njia, hushangaa kwa sauti kubwa, humwokota na kwenda naye kwake. Baadaye mama huja kumwomba, na hupewa kwa kutoa kuku. Tangu siku hiyo, kwa maneno ya watu wote, mtoto ni wa aliyemwokota. Huvikwa bangili nyembamba ya chuma mguuni. Mama humnyonyesha, humwogesha, hukesha naye akiugua, lakini hasemi "mwanangu". Kile kilichowachukua wa kwanza kikija kuuliza, kisikie kwamba katika nyumba hiyo hakuna mtoto wa mama yule. Wengine huiacha desturi hiyo mtoto anapong'oa meno ya utotoni. Wengine hawaiachi kabisa.

Bangili hiyo niliiona mguuni mwa kichanga kabla hata mama hajafungua kinywa. Sikuhitaji kuelezwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliokotwa. Shule ya msingi, Mundika, wenzangu waliniita wa jalalani, na mama yangu hakunitetea kwa neno ambalo mtoto hulisubiri. Chuo kikuu hakuna aliyejua. Nilivaa soksi ndefu hata wakati wa joto. Kumweleza sista desturi ile kungekuwa rahisi kama ningeisema kama msomi anayezungumzia watu wa mbali. Lakini angeuliza ninajuaje, kwa kuwa yeye aliuliza hivyo kila mara, na sikuwa tayari kwa swali hilo. Hivyo nikanyamaza, nikarudi darasani kufundisha sehemu za sentensi.

Mtoto alichomwa sindano asubuhi na jioni. Siku ya nne alinyonya bila kukatiza. Siku ya tano sista aliniita tena, uso wake umejaa furaha, akaniambia nimweleze yule mama kwamba amefanya kazi njema, kwamba Mungu ameona, na kwamba Alhamisi gari litakuja kumchukua mtoto. Masista wenzake walikuwa na nyumba ya watoto wasio na wazazi, safari ya siku nzima kutoka Malaba. Huko angekula, angesoma, angekuwa na kitanda chake. Mtoto aliyetupwa, utaratibu ulisema, hakabidhiwi mtu yeyote tu aliyemkuta.

Nilimkuta mama nyuma ya zahanati akifua kanga. Nilimweleza. Aliendelea kufua kwa muda, kisha akaikamua kanga kwa nguvu hadi maji yakaisha, naye akazidi kuikamua.

"Waambie gari lisije."

"Wanasema hana mama."

"Mwalimu, wewe si mtu wa hapa? Hujui?"

"Najua."

"Basi unaniletea maneno gani? Nikisema ni wangu, nitamzika. Nisiposema, watamchukua. Wewe ndiye mwenye lugha yao. Tafuta."

"Ungeweza kuvuka ng'ambo," nilisema, nikijua ninasema upuuzi. "Una ndugu kule."

"Na sindano? Tororo nitamkuta nani wa kumchoma sindano, karani wa forodha?"

Zilibaki sindano za siku tano, hadi Jumatano jioni. Alinitazama hadi nikaangalia pembeni.

Siku zile tano sikukaa mahali pamoja. Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Busia, kupitia barabara ya murram, bila haja yoyote huko. Nikanywa chai kwenye hoteli ya Mwislamu mmoja karibu na kizuizi cha mpaka, nikaiacha nusu, nikarudi Malaba, nikafika na kugeuka tena. Njia nzima nilikuwa nikijaribu sentensi. Mama alisema uongo: *ha mentido*. Ilikuwa fupi na ingefuta *expósita* mara moja, lakini nilijua kitakachofuata. Sista angemgeukia mwanamke yule na kumuuliza waziwazi, kwa Kiswahili chake cha maji, "Mtoto wako?" Naye angejibu, "Hapana." Hapo angekuwa amesema uongo mara mbili, na ni nani angemkabidhi mtoto mtu kama huyo? *Embuste* lilimfanya tapeli. *Falsedad* lilinukia polisi. *Engaño* nililigeuzageuza kutoka Busia hadi Malaba, nikaliacha, nikaliokota tena. Kila neno nililolishika lilimwelekea mama. Wazo halikunijia, au sikuliruhusu linijie, kwamba huenda nilikuwa natafuta neno la mtu asiyelistahili.

Alhamisi asubuhi, kabla gari halijafika, aliingia uani mwanamke mmoja mnene, amejifunga leso mbili, mwendo wa mtu aliyechelewa kwenye ugomvi wake mwenyewe. Alikuwa ndiye mwokotaji. Alikuwa amepata habari sokoni. Alipanda ngazi za zahanati moja kwa moja hadi mezani, ambako mama alikuwa ameketi na mtoto, na sista ameshika kitabu.

"Sista, habari ya asubuhi. Mimi ndiyo mwenye mtoto."

"Wewe mama?" sista aliuliza kwa Kiswahili.

"Mama hapana. Mwenye."

"Wewe pata yeye wapi?"

"Kwa njia. Mbele ya nyumba ya huyu," akamwonyesha mama kwa kidevu.

"Nani weka yeye pale?"

Mwanamke yule alicheka hadi leso ya juu ikalegea. "Haki, sista! Hiyo swali sisi hatuulizangi."

Sista alinigeukia, akasema kwa Kihispania kwamba ni vizuri, aliyemkuta mtoto amepatikana, ataweka kidole chake kwenye karatasi ya makabidhiano. Kabla sijatafsiri, mwokotaji alinishika mkono. Sijui alielewa nini. Nadhani aliusoma uso wangu.

"Na wewe mwalimu, umesomea kunyamaza? Miaka yote hiyo Kampala, halafu unakuja kusimama hapa kama kigingi cha mbuzi? Huyu hawezi kusema," alimwonyesha mama, "na mimi Kizungu sina. Amebaki nani? Kuku?"

Mama alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mguu wa mtoto, pale penye bangili.

"Sista," nilisema, "kilichoandikwa kwenye kitabu si kweli. Mtoto hakutupwa."

Alivua miwani. "Kwa hiyo mama huyu aliniambia *mentira*."

"Hapana."

"Alisema mtoto si wake. Ni wake?"

"Tafadhali usimuulize hivyo. Niulize mimi."

"Basi ni *engaño*. Nimedanganywa."

"Ulinifundisha niulize nani alidanganywa," nilisema, na sauti yangu haikuwa ile ya barazani. "Hakuwa anakudanganya wewe. Alikuwa akizungumza na kile kilichowachukua wale watatu. Mimi na wewe tulikuwapo tu, tukisikia."

Nilimweleza yote: alfajiri, njia, mshangao wa uongo wa mpita njia, kuku. Aliitazama bangili, akamtazama mama, nikaona amemkumbuka yule wa tatu aliyemwosha. Kisha akauliza, kama nilivyojua ataniuliza:

"Na wewe unajuaje?"

Niliketi kwenye ngazi, nikafungua kamba za kiatu, nikavua soksi. Juu kidogo ya kifundo cha mguu wangu wa kushoto pana mstari uliobonyea, usioota nywele, pale ambapo bangili ilinibana hadi mjomba akaikata kwa tupa nilipokuwa na miaka minane. Sista aliinama, akaugusa kwa kidole kama anavyogusa kidonda cha mgonjwa, kuona kama bado kinauma.

"Ah!" mwokotaji alisema. "Kumbe ni mwenzetu! Na alivyojifunga soksi, nilidhani anaficha funza."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi, akaziba mdomo.

Sista alirudi mezani, akafungua kamusi, akapekua kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuvaa soksi nikaisahau nusu mguuni. Akaweka kidole kwenye ukurasa. "*Ardid*," alisema. Akanisomea maelezo yake, nami nikayatafsiri kwa sauti ili na wale wawili wasikie: hila, mbinu ya mtu aliyebanwa. Babu yake, sista aliongeza, alilitumia neno hilo kwa watu waliozingirwa mjini na jeshi kubwa kuliko lao, ambao hawana silaha ila akili. "Hili halimo kwenye orodha yangu ya dhambi," alisema.

Akakata *expósita* kwa mstari mmoja. Mama akanyoosha shingo. "Anaandika nini? Asisome kwa sauti!"

Nilimwambia sista asisome. Akaandika jina la mama kwenye nafasi ya mzazi, akilifunika kwa mkono wa kushoto kama mwanafunzi anayemficha jirani majibu, na mbele ya Alhamisi ile, katika safu ya mwisho, akaandika *ardid*. Hakulitamka tena.

Lakini hakufunga kitabu. Alirudi nyuma kwenye mstari wa Jumatatu ile ya kwanza, pale alipokata *expósita*, akagonga karatasi kwa kalamu.

"Hapa palikuwa na jambo lisilo kweli, limeandikwa kwa mkono wangu. Mama huyu hakunidanganya. Na bado nilidanganywa, kwa siku kumi. Nani alifanya hivyo?"

"Mimi."

"Neno gani?"

Kwa kweli nilianza kutafuta. Nilikuwa mhitimu, maneno laini nilikuwa nayo. Nilifikiria *omisión*, kuacha kutenda, ambalo lina harufu ya ubani. Nilifikiria *reticencia*, ambalo hufanya ukimya uonekane kama adabu. Nikajiuliza swali lake: nani alidanganywa, na kwa ajili gani? Yeye, na mama huyu pia, aliyeketi siku tano akingoja niseme. Kwa ajili ya soksi zangu.

"*Mentira*," nilisema.

Aliliandika mbele ya Jumatatu hiyo, na karibu yake akaandika, kwa herufi ndogo, kwamba ni la mkalimani. Hakunikaripia. Kesho yake alasiri kamusi ilikuwa mapajani kama kawaida, tukaendelea na maneno ya mvua. Ila tangu siku hiyo, kila nilipomtafsiria mgonjwa na kumaliza, aliinua macho na kuuliza, "*¿Es todo?*" Hayo ndiyo yote? Aliniuliza hivyo kwa miaka miwili, hadi aliporudi kwao, na hapakuwa na mara moja nilipojibu haraka.

Gari lilikuja saa tano. Dereva alipewa chai na maboga mawili, akaondoka na kikapu cha kubebea mtoto kikiwa kitupu kwenye kiti cha nyuma. Wenyewe walikuwa wameshaondoka. Niliwaona wakitoka langoni: mwokotaji mbele, mtoto mgongoni kwake, amefungwa kwa ile leso ya juu, akiwasalimia watu wa stesheni kwa kelele. Mama alifuata nyuma hatua kama nne, mikono mitupu, kama jirani aliyemsindikiza mwenziwe tu.

Jumamosi nilipanda baiskeli tena, safari hii nikijua ninakokwenda. Mama yangu alikuwa kwake Mundika, ameketi kwenye mkeka, anachambua maharagwe. Nilikaa karibu naye, nikachambua pia, vibaya, akayarudia yale niliyoyapitisha. Nilimweleza habari za zahanati. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Mama," nilisema mwishoni, "mimi ni wa nani?"

"Wa yule aliyekuokota. Umesoma mpaka umesahau?"

"Nina miaka ishirini na mitano."

"Na kile kinachochukua kinajua kuhesabu?"

Niliendelea kumtazama. Nilitaka anipe lile neno moja, hata kwa kunong'ona, hapo hakuna mtu, kuku tu wanaparura. Sasa nimefika umri aliokuwa nao siku ile, naye ametutoka bila kunipa, na bado kuna siku nasimama katikati ya kazi bila sababu, kama nilivyosimama kila treni ilipopiga honi. Lakini siku ile alipotikisa ungo kwa mara ya mwisho na kupeperusha makapi, aliutazama mguu wangu, kwa kuwa nilikuwa nimevua viatu mlangoni, na sikuwa nimevaa soksi.

"Alama bado ipo," alisema.

"Ipo."

"Basi vaa viatu," alisema. "Sakafu ina baridi."